Mwenzake Mashavu

Kwa Salvina hapakuwa na mbwa, hapakuwa na paka, wala mjukuu wa kutumwa chumvi. Palikuwa na ndege. Mgeni aliyemtafuta pale Mwabulenge hakuelekezwa kwa rangi ya bati wala kwa mti. Aliambiwa, "Nyoosha na njia hii ya ng'ombe mpaka usikie mluzi. Hapo ndipo."

Ndege mwenyewe hakuwa wa nchi hii. Alikuwa kasuku mdogo, mwembamba, wa kijivu, mwenye kishungi cha njano kilichosimama kila aliposhtuka, na doa jekundu kila upande wa uso, kama bibi harusi aliyepakwa rangi na mtu mwenye haraka. Kwa hayo Salvina alimwita Mashavu. Wazungu waliomfuga kwanza walikuwa na jina lao, lakini lilikuwa gumu mdomoni, na Salvina alisema kiumbe anayekula mtama wa mtu ataitwa atakavyo mwenye mtama.

Salvina alikuwa binti wa Alois, katekista wa huko Ushirombo, Msumbwa. Aliletwa Mwabulenge na mume wake Stanslaus akiwa na miaka kumi na tisa. Alijifunza Kisukuma cha kuombea moto kwa jirani kabla ya kile cha kugombana, na hicho cha kugombana hakuwahi kukijua vizuri. Alizaa watatu. Wawili aliwazika hawajaota meno. Wa tatu alikuwa Raphael, ndiyo maana mpaka leo anaitwa Mama Raphael, ingawa Stanslaus alishakwenda na Raphael naye alishakwenda.

Huyo Raphael alikuwa mpishi wa fundi mmoja wa kizungu, mtu wa mgodini, aliyekaa Kahama. Mzungu alipomaliza mkataba wake akafunga virago, akamwachia Raphael sufuria, kitanda, na tundu lenye kasuku wawili, dume na jike. Kazi ya upishi ikaishia hapo. Raphael akawafuata wenzake machimboni upande wa Bugarama, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wanayoyaita maduara. Alichimba mwaka mmoja na miezi. Masika ya mwaka juzi maji yaliingia ubavuni mwa duara lao, likafunga mdomo. Alitolewa siku ya tatu.

Aliyeleta habari, na baada ya mazishi akaleta tundu la ndege, alikuwa Kalisti, mchimbaji mwenzake. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye kikohozi cha vumbi la mawe, asiye na mke, asiye na kwao anakokutaja, na ambaye hakuwahi kukanyaga darasani hata siku moja. Alipewa kigoda akakikataa, akakaa chini kwenye mavumbi.

"Mayu," alisema, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "mimi ndiye niliyeshika kamba juu. Aliitikisa mara mbili. Nikavuta. Ikaja nyepesi."

Salvina alisali Baba Yetu moja moyoni. Kisha akauliza, "Uliiachia?"

"Sikuiachia."

"Basi kaa kwenye kigoda, mwanangu. Anayekaa chini ni mfiwa, na mfiwa hapa ni mimi."

Tangu siku hiyo Kalisti akawa mtu wa nyumba ile. Kila baada ya miezi miwili mitatu alitokea, akapasua kuni, akaziba paa, akala, akasema maneno ya kuchekesha na uso mkavu, akaondoka. Salvina hakumwita mwanangu kwa kumweka mahali pa Raphael. Alimwita hivyo kwa sababu ndivyo mtu mzima anavyomwita mtu. Lakini alipokawia kuja, Salvina alikuwa akisimama mlangoni bila kazi.

Jike la kasuku lilikufa Agosti, mwezi wa upepo. Asubuhi Salvina alimkuta dume amesimama juu ya mwenzake, anamvuta bawa kwa mdomo ainuke. Alimzika jike chini ya mpapai, ndani ya mfuko wa sukari, akamwombea ingawa hakuwa na hakika kama inaruhusiwa.

Mashavu akaanza kulia. Hakulia kama kuku wala kama njiwa. Alipiga mluzi ule aliofundishwa na Raphael, wa kuwaita mbuzi, kisha wimbo aliokuwa akimwitia jike, akainamisha kichwa kusikiliza, akapiga tena. Alfajiri, mchana, jua likizama. Salvina alijua anamwita nani, na akajua kwamba anayeitwa haji, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa katika kazi hiyo hiyo.

"Mtafutie mwenzake," alisema Asteria, jirani yake, mwanamke wa midomo mirefu na moyo si mbaya. "Hata sisi wajane tungetafutiwa tungenyamaza."

Salvina akajaribu. Alimtundikia kipande cha kioo; Mashavu akakiimbia siku nne bila kula mpaka kikaondolewa. Alimtilia kifaranga, kifaranga kikalala juu ya chakula chote. Mwishowe akamwomba mlinzi mmoja wa mtama amtegee kwa ulimbo kasuku mmoja wa wale wa kijani wanaoshuka makundi kwa makundi mashambani. Hao ni wa hapa hapa Shinyanga, wadogo, wazuri kama vitambaa vya sikukuu. Salvina aliona kasuku ni kasuku, wataelewana. Hata dakika kumi hazikupita. Yule wa kijani alimng'ata Mashavu kidole cha mguu akakiondoa.

"Umemwoza kwa Wasukuma bila kuuliza ukoo," Asteria akamwambia, akishika tundu huku Salvina anafunga mguu kwa uzi.

Ndipo ilipoingia filimbi.

Nyumba ya Salvina ilipakana na uwanja wanapokutania sungusungu, walinzi wa kijiji. Kamanda wao alikuwa Pantaleo, mdogo wake marehemu Stanslaus, shemeji yake Salvina, mtu wa haki, wa sauti kubwa, asiyejua kusamehe nusu. Kiangazi kile wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na filimbi yake haikukaa mfukoni. Filimbi moja ilikuwa ya mkutano. Filimbi tatu ndefu zilikuwa mwano, mwito wa hatari. Ukisikia mwano huulizi. Mwenye tonge anatema, mwenye kuoga anajifunga shuka, mwenye mgonjwa anamwacha. Asiyetoka anatengwa: hapewi moto, hachotewi maji, na salamu yake inaanguka chini bila mtu wa kuiokota.

Mashavu alisikiliza wiki mbili kishungi kimesimama. Wiki ya tatu, mchana kweupe, akapiga tatu ndefu.

Watu arobaini na zaidi waliingia uani kwa Salvina na pinde na marungu, wakamkuta anapepeta mtama.

"Yuko wapi?" Pantaleo akafoka.

"Nani?"

Filimbi ikalia tena, kutoka tunduni. Watu wakageuka wote kwa pamoja.

"Kamanda!" Asteria akapiga kelele. "Umepata naibu!"

"Mpeni sare!" mwingine akadakia.

"Sare anayo, hamuoni kofia?"

Wakacheka mpaka Pantaleo naye akacheka. Na kwa kuwa walikuwa wamekimbia, wakaomba maji, na kwa kuwa walipewa maji, wakakaa. Mzee mmoja alikalia kigoda cha Stanslaus. Wanawake wakamsaidia Salvina kumalizia kupepeta. Waliondoka jua limepoa.

Ukweli ni huu, na Salvina mwenyewe hakuuficha baadaye mbele ya padri: alifurahi. Tangu walipofukia kaburi la Raphael ua wake haukuwahi kujaa watu. Na si yeye tu. Mashavu alikuwa akirukaruka tunduni. Mluzi wa Raphael haukuwa umemleta mtu. Wimbo wa kumwita jike haukuwa umemleta mtu. Huu ulileta kijiji kizima.

Alirudia baada ya wiki tatu, saa ya kunywesha. Wanaume waliacha ng'ombe lamboni wakakimbia. Waliporudi, mtamba mmoja alikuwa amezama kwenye tope mpaka shingoni, na hakutoka mzima. Safari hii hakuna aliyecheka. Na kulikuwa na jambo jingine. Nasibu, mwenye duka, hakutoka kabisa.

"Nilijua ni yule kasuku," alisema barazani, mbele ya watu.

"Ulijuaje?" Pantaleo akamuuliza.

"Nina masikio, Kamanda. Na mlipofika mlikuta nini? Si kasuku?"

"Tulikuta kasuku. Lakini mwano haupimwi kwa masikio ya mtu mmoja. Leo umeupima ukasema ni ndege, ukapata. Kesho utaupima hivyo hivyo, na mtu atakuwa anachinjwa."

Nasibu akatengwa mwezi mzima. Duka lilikaa wazi bila mteja mpaka sukari ikashikana ikawa jiwe. Watu wakaona, wakaelewa: iwe ndege isiwe ndege, filimbi tatu ni kutoka.

Jioni ya siku ile Pantaleo alikwenda kwa Salvina peke yake, akavua kofia.

"Shemeji, sikuja kwa ugomvi."

"Karibu, shemeji."

"Mnyonge, au mnyamazishe. Sina la tatu."

Salvina alikuwa ameshika rozari ndani ya kanga. "Ndicho kilichobaki cha mtoto wako, shemeji," alisema. Maana kwa desturi Raphael alikuwa mtoto wa Pantaleo pia. "Sufuria zimetoboka. Kitanda kimeliwa na mchwa."

Pantaleo alitazama tundu kwa muda mrefu. "Basi mfunike. Mweke ndani, gizani, asisikie wala asisikike. Akipiga mara nyingine nitakuja mwenyewe na mkono wangu. Na usijaribu kuniletea mwingine wa kumtuliza. Nimesikia mnazungumza na Asteria. Mmoja amenishinda."

Salvina akamfunika kwa blanketi la Stanslaus, akamweka chumba cha nyuma. Mashavu akanyamaza. Siku ya kwanza Salvina alishukuru. Siku ya tano alipoinua blanketi kubadilisha maji, aliona ndege ameanza kujing'oa manyoya. Siku ya tisa kifua chote kilikuwa uchi, chekundu, kama cha kuku aliyetiwa maji ya moto, na kwenye manyoya madogo palikuwa na damu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajimaliza polepole kwa mdomo wake mwenyewe.

Ndipo alipompigia simu Kalisti, akamweleza yote, isipokuwa neno moja: kwamba Pantaleo alikataza ndege wa pili.

Kalisti hakusema mengi. Aliuliza Kahama nzima. Ikachukua wiki mbili. Halafu simu ikalia.

"Mayu, shikamoo. Umekaa?"

"Marahaba. Nimesimama."

"Kaa. Nimepata mchumba."

"Wewe?"

"Mimi nani atanitaka na kikohozi hiki? Mchumba wa Mashavu! Kuna dada anaitwa Eunice, anafua kwenye nyumba za watu wa mgodi. Wanaohama wamemwachia jike, wa kijivu vile vile, mashavu vile vile, tena mpole. Akasema, nichimbie choo, umchukue. Nimechimba dhahabu miaka ishirini sijapata mke. Nimechimba choo siku nne, nimepata mke wa ndege!"

Salvina akacheka mpaka akajifuta macho. Hakuwa amecheka hivyo tangu lini, hakumbuki.

"Nakuja Alhamisi," Kalisti akasema. "Na huyo mzee wako wa filimbi umwambie nakuja, nisije nikatobolewa mishale."

"Nitamwambia."

Mgeni anayeingia Mwabulenge kipindi kile cha wizi ilikuwa lazima kamanda ajulishwe. Jumatano Salvina alikwenda mpaka kwenye uzio wa Pantaleo. Alimsikia akikohoa ndani. Akasimama. Angesema mgeni, angeulizwa anakuja na nini, na Salvina hakuwa amezoea kudanganya mtu usoni. Akaona afadhali ndege waonane kwanza, wanyamaze, ndipo Pantaleo aitwe aone amani yenyewe kwa macho. Akageuka, akarudi nyumbani, akasali.

Alhamisi akachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akatwanga karanga, maana Kalisti alipenda michembe ya karanga. Akafagia ua mara mbili. Ilipofika saa tisa mchana simu ikalia: pikipiki imeharibikia njiani, anatembea, ameshavuka lambo. Salvina akaingia chumba cha nyuma. Mashavu alikuwa kwenye kona ya tundu, uchi kifuani, macho yamefumbwa.

Alimtoa nje, akamtundika kwenye tawi la mpapai. Akalishika blanketi. Alijua ameambiwa nini. Lakini aliwaza, huyu naye akutwe gizani siku mwenzake anakuja? Akalivuta.

Mashavu alifumbua macho, akajikung'uta. Kwa muda hapakuwa na kitu ila upepo. Halafu kutoka mbali, upande wa lambo, ikasikika sauti nyembamba, kama mlango mdogo usiotiwa mafuta. Ikalia tena. Kishungi cha Mashavu kikasimama wima.

Alianza kwa wimbo wa zamani, ule wa jike la kwanza, akiuvunja katikati kama mtu aliyesahau maneno. Sauti ya mbali ikajibu. Akapiga mluzi wa Raphael. Ikajibu. Ikawa inakaribia, na kadiri ilivyokaribia ndivyo Mashavu alivyotetemeka juu ya kijiti. Salvina alikuwa amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Na hapo ndege, kwa furaha yake yote, akatafuta mwito ulio mkubwa kuliko yote anayoijua, mwito usioshindwa kuleta watu.

Akapiga tatu ndefu.

Salvina alirusha blanketi juu ya tundu. Nne, tano, zikatokea chini ya blanketi. Milango ikagonga huku na huku. Mtu akaitikia kwa yowe, mwingine akaitikia wa kwanza, na kijiji chote kikamwagika kuelekea njia ya lambo, maana mtoto mmoja kule alikuwa ameona mtu asiyemjua ana mzigo uliofunikwa.

"Ni ndege!" Salvina akapiga kelele akikimbia. "Jamani, ni ndege!"

"Twende, Mama Raphael!" wakamjibu waliompita. "Twende!"

Wengi walijua. Asteria alisema baadaye kwamba wengi walijua, au walidhani. Lakini walimkumbuka Nasibu na sukari yake, na hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza kupunguza mwendo. Nasibu mwenyewe alikuwa mbele.

Kalisti aliwaona wanakuja. Angesimama akainua mikono, labda. Lakini alikuwa mtu wa machimboni, na huko ukiona watu wanakuja mbio na silaha husubiri kujua ni akina nani: ni walinzi, au ni wavamizi wa duara, au ni moto wa baruti uko nyuma yao. Unakimbia, ndiyo maana bado u hai. Akakimbia. Na kwa kuwa hakutaka tundu litikisike, alilikumbatia kifuani ndani ya koti lake, akakimbia amejikunja, kama akimbiavyo mtu aliyebeba mali ya watu.

Walimpata kwenye mabua ya pamba. Salvina, na goti lake bovu, alifika wakati hawasikii tena chochote. Hakumwona Kalisti, aliona migongo tu na marungu yanavyopanda. Alipita kati ya miguu yao kwa magoti, akamlalia. Rungu moja lilimpiga begani.

"Acheni!" Ilikuwa sauti ya Pantaleo. "Acheni, ni shemeji!"

Marungu yakaacha. Kalisti alikuwa amejikunja juu ya koti lake, damu inatoka masikioni. Mtu alivuta koti. Tundu lilikuwa limebonyea upande mmoja, na ndani yake, kwenye kona, palikuwa na kasuku mdogo wa kijivu, mdomo wazi, anahema.

Kila mtu alitafuta mahali pa kutazama. Nasibu aliliweka rungu lake chini taratibu sana, kama linaweza kuvunjika.

Walimpeleka hospitali ya Shinyanga kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, kisha kwa gari la pamba. Hakufa. Mkono wa kushoto uliungwa ukabaki umepinda. Masikio, daktari alisema, yalikuwa yameshachoka kwa baruti siku nyingi, na kipigo kilimalizia kilichosalia. Polisi walipokuja Mwabulenge kuuliza nani alipiga, hawakupata jina, maana wote walipiga. Pantaleo akasema, "Filimbi ni yangu. Nichukueni mimi." Wakamchukua. Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, akaitupa filimbi chooni. Siku hizi mwano wa Mwabulenge ni rimu la lori lililotundikwa, linalogongwa kwa chuma.

Pantaleo aliposema vile mbele ya polisi, Salvina alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwake. Kijiji kiliamini ndege alisikika kutoka chumba cha nyuma, chini ya blanketi, kwa nguvu za shetani wake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza Salvina. Naye hakusema.

Alimwambia padri. Padri alimsikiliza, akampa malipizi na maondoleo, akamwambia aende kwa amani. Salvina akafanya malipizi yote, akaongeza mengine. Amani haikuja, na alijua sababu. Kuna mtu ambaye alikuwa amekaa chini kwenye mavumbi yake akamwambia, mimi ndiye niliyeshika kamba. Huyo ndiye hajaambiwa.

Kalisti hakuwa na pa kurudi. Mkono uliopinda haushiki kamba, na asiyesikia hashushwi shimoni. Akakaa kwa Salvina. Anachunga mbuzi watatu, anashinda uani kwenye kigoda akitazama tundu. Ndege wamewekwa pamoja. Jike lina hofu tangu siku ile. Linakaa mwisho wa kijiti upande wa kulia. Mashavu anakaa mwisho wa kushoto. Manyoya ya kifuani yameanza kurudi. Mluzi haukurudi. Wanakula kwa zamu, wanalala kila mmoja upande wake, na ua wa Salvina, uliokuwa ukielekezwa kwa sauti, sasa mgeni anaupita asijue.

Jumapili moja baada ya misa, Salvina aliketi mbele ya Kalisti. Hakuketi kwenye kigoda. Aliketi chini.

"Mwanangu," alisema, "ni mimi niliyemfunua."

Kalisti alimtazama midomo. "Unasemaje, mayu?"

"Blanketi. Niliambiwa nisimfunue. Nikamfunua. Na sikumwambia Pantaleo kwamba unakuja."

"Sema kwa nguvu. Masikio niliyaacha kule lamboni." Alikuwa anajaribu kumchekesha. Naye alikuwa akisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasiojisikia.

Kumwandikia haikufaa, hakujua hata herufi ya jina lake. Kwa ishara, utaonyeshaje jambo kama lile? Salvina alitazama uzio. Upande wa pili Asteria alikuwa akianika nguo. Mbele kidogo Pantaleo alikuwa anatoka kanisani na watu wa jumuiya, wamevaa nguo zao za Jumapili.

Akavuta pumzi. Mwanamke ambaye katika miaka arobaini hakuwahi kusikika akigombana kwa Kisukuma wala kwa Kiswahili, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama:

"Ni mimi niliyemfunua ndege! Niliambiwa nimfunike, nikamfunua! Ulikuwa unakuja nami sikusema! Ni mimi!"

Nguo ilimwanguka Asteria mkononi. Watu wa jumuiya wakasimama njiani. Wengine wakatoka majumbani, kwa maana sauti ilikuwa ya mtu anayehitaji watu, wakafika mpaka kwenye uzio, wakajipanga. Hawakuingia. Pantaleo alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama ndani. Kisha akaivaa, akaenda zake bila kumtazama yeyote.

Kalisti alikuwa ameinamisha kichwa, akikaza macho midomoni mwa Salvina, kama mtu anayesubiri kamba itikisike. Baadaye alikata tamaa. Akatabasamu, akanyoosha mkono wake mzuri kuelekea tunduni, ambako Mashavu kwa ile kelele alikuwa amefungua mdomo akaufunga.

"Wanaimba?" akauliza, kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa uzioni.

Salvina alibaki chini kwenye mavumbi. Ua ulikuwa kimya. Aliwatazama ndege, kila mmoja mwisho wake wa kijiti.

Akaitikia kwa kichwa: ndiyo.